Kilo 140 Zilizogeuka 90: Uchambuzi wa Kisa cha Jimu Moja ya Kariobangi

Katika jimu ninayofundisha, mtaa wa Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi, upo ubao ukutani ambao kwa muda mrefu ulikuwa na majina kumi na namba kumi zilizoandikwa kwa chaki. Namba ya juu kabisa ilikuwa 140. Mwenye namba hiyo ni mwanamume wa miaka 31, uzani wake kilo 78, ambaye humu nitamwita mhusika, kwa sababu amekubali nieleze kila kitu isipokuwa jina lake. Kilo hizo zilikuwa za zoezi la benchi: mtu hulala chali, huushusha mtaimbo wenye vyuma hadi kifuani, kisha huusukuma juu mpaka mikono inyooke. Kisa kilianza siku alipojaribu kusukuma 120 katika jimu nyingine, upande wa Westlands, na mtaimbo ukamkalia kifuani.

Waliosikia habari hiyo walikata shauri palepale kwamba mtu huyu alikuwa akitudanganya muda wote. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa siku mbili tatu, na hata nilijiandaa kumpa somo la unyenyekevu. Nilipoanza kuhesabu kilo moja moja, niligundua kwamba katika kilo 50 zilizokosekana, zile alizoziongeza yeye kwa kinywa chake ni chache mno, na kwamba baadhi niliziongeza mimi kwa vidole vyangu.

Mwajiri wake alikuwa amehamishia ofisi Westlands, katika jengo lenye jimu ya kisasa, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuitumia jioni. Vyuma vya huko ni vya kuagizwa: mtaimbo wa kilo 20 kamili, na sahani zenye rangi zinazofuata utaratibu wa mashindano, nyekundu kilo 25, buluu 20, manjano 15, kijani 10. Mhusika alianza kwa 60, akarudia mara kumi bila taabu. Wenzake wa ofisini walikuwa wameshasikia habari za 140, wakasogea kutazama. Akapandisha moja kwa moja hadi 120, uzani ambao kwetu alikuwa amezoea kuurudia mara tano, na kwa sababu hiyohiyo hakuona haja ya kumwomba mtu asimame kichwani kwake, tayari kumsaidia. Akafunga vibana pande zote mbili ili sahani zisiteleze. Mtaimbo ulishuka upesi kuliko alivyotarajia, ukatua kifuani, ukabaki hapo. Kwa kuwa vibana vilikuwa vimekazwa, hakuweza hata kuuinamisha upande mmoja ili sahani zimwagike sakafuni, ambayo ndiyo njia ya mwisho ya mtu aliyenaswa peke yake. Wenzake wawili waliukamata, mmoja kila upande, wakamwondolea.

Alitoka na mchubuko mrefu kifuani na maumivu ya mbavu yaliyomnyima kulala ubavu kwa wiki tatu. Nasema aliponea chupuchupu. Msuli mkubwa wa kifua ukikatika kwa wanyanyuaji, mara nyingi huwa ni katika zoezi hilihili, na mtaimbo ukiteleza ukaangukia shingoni, mtu haondoki na mchubuko.

Aliporudi kwetu hakuja na aibu bali alikuja na malalamiko. "Kocha," aliniambia, "vyuma vya wale watu vimejazwa risasi." Vijana waliokuwa wakifanya mazoezi walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sentensi yake ilikuwa na nusu ya ukweli: uzani wa huko na wa huku ulikuwa tofauti kweli. Kilichobaki ni kujua vyuma vya nani vilikuwa na kasoro, na hilo halijulikani kwa mdomo.

Jimu yetu, kama nyingi za mitaa ya Eastlands, ilianzishwa kwa vyuma vya jua kali, yaani vya mafundi wa mtaani. Mtaimbo wetu ni paipu nene iliyojazwa kipande cha nondo kisha ikachomelewa ncha, na hakuna aliyewahi kuupima. Tuliuhesabu kuwa kilo 20 kwa sababu mitaimbo ya kwenye video huwa kilo 20. Sahani zilitengenezwa na mafundi wa karibu, nyingine kwa kukatwa kutoka bamba la chuma, nyingine kwa kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina katika kalibu ya mchanga. Namba iliandikwa kwa rangi nyeupe baada ya kazi kumalizika, na fundi aliandika namba aliyoagizwa. Wala hatukuwa wa mwisho katika ubahatishaji huu, kwani nimefundisha pia mahali ambapo vyuma vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kopo la lita 4 lililojaa vizuri hufikia karibu kilo 9 na nusu, lakini vijana walilihesabu kuwa 15 kwa sababu ya ukubwa wake.

Tulipanga sahani zetu kwenye mkokoteni, tukazipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mtaa wa pili, mwenye mizani kubwa ya jukwaa. Alidhani tunauza, akatutajia bei ya kilo kabla hatujasalimiana sawasawa. Swali la kwanza la mtu mwangalifu lilikuwa iwapo mizani yenyewe inaaminika, kwa maana mwenye kununua kwa kilo hafaidiki mizani ikizidisha. Tuliweka juu yake beli moja ya unga wa ugali, pakiti 12 za kilo 2, ambayo lazima iwe kilo 24 na kidogo ya karatasi. Mizani ilisoma 24. Mizani hiyo hupima kwa hatua za nusu kilo tu, lakini kwa shida tuliyokuwa nayo nusu kilo haikuwa kitu.

Mtaimbo ulisoma kilo 13.5. Sahani nne zilizoandikwa 20, ambazo ndizo mhusika alizozitumia kila wiki, zilisoma 16, 16.5, 17.5 na 18. Zile mbili zilizoandikwa 10 zilisoma 8.5 na 9. Mzigo tuliouita 120, yaani mtaimbo, sahani mbili za 20 na moja ya 10 kila upande, ulikuwa na kilo 99. Hakuna sahani hata moja iliyozidi namba yake. Fundi mmoja aliyekuwa akisikiliza alitueleza sababu bila kuona haya: kipenyo cha sahani huonekana, unene hauonekani. Hesabu inamuunga mkono. Sahani ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 40 na unene wa milimita 20 huwa karibu kilo 19 na nusu ukishatoa tundu la katikati. Ikikatwa kutoka bamba la milimita 16, kipenyo kikabaki kilekile, hushuka hadi karibu 15 na nusu. Milimita nne ambazo jicho halizioni hubaki na kilo nne za chuma karakanani. Za kumimina zina tatizo jingine, kwa sababu chuma cha kumimina ni chepesi kuliko cha bamba kwa ujazo uleule, na mchanga huacha vijitundu ndani.

Hapo kuna jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Mizani ya yule mnunuzi iko chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, na akiitumia kibiashara bila kukaguliwa na kupigwa muhuri ana kesi ya kujibu. Sahani ya jimu haimuuzii mtu chochote kwa kilo, kwa hiyo hakuna afisa anayeweza kuja kuihoji. Inaruhusiwa kusema uongo maisha yake yote.

Mizani ilinivua nguo mimi pia. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeona kwamba mtaimbo wa mhusika hupanda ukiwa umeinama, upande wa kulia ukichelewa, nami nikaamua kuwa mkono wake wa kulia ni dhaifu. Nilimpangia mazoezi ya ziada ya mkono huo, akayafanya kwa utiifu. Sasa sahani nzito mbili, zile za 17.5 na 18, pamoja na ile ya kilo 9, ndizo zilizokuwa zikining'inia kwenye vigingi vya upande wa dirishani, ambao ni wa kulia kwa mtu aliyelala benchi, na kwa uvivu wa kawaida kila mtu huchukua sahani iliyo karibu. Kulia kulikuwa na kilo 44.5, kushoto 41. Mkono wake haukuwa na kasoro yoyote.

Jambo la pili la aibu ni hili. Mwaka uliopita mwenye jimu aliongeza sahani mpya, na mwezi uleule wanachama wengi walivuka namba zao za zamani. Nilikuwa nimewabadilishia ratiba ya mazoezi majuma machache kabla, nikajisifu waziwazi. Sahani hizo mpya ndizo nyembamba kuliko zote.

Hata hivyo, kilo 21 za vyuma hazitoshi kueleza tofauti yote. Ubaoni palikuwa na 140, si 120. Nilimuuliza mhusika ni lini alisukuma 140, akanyamaza, kisha akasema hajawahi. Nilishangaa, maana mimi niliipita namba hiyo kila siku nikielekea ofisini na sikukumbuka kwamba sikuwa nimeishuhudia.

Asili ya namba ilikuwa simuni. Alikuwa ameingiza katika programu ya mazoezi kwamba amesukuma 120 mara tano, nayo ikamkadiria uzani wa juu kabisa ambao angeweza kuusukuma mara moja. Programu nyingi za aina hiyo hutumia kanuni ya mwaka 1985 ya Boyd Epley, kocha wa chuo kikuu cha Nebraska huko Marekani: uzani huzidishwa kwa moja jumlisha marudio yaliyogawanywa kwa 30. Kwa 120 mara tano jibu ni 140 kamili. Kanuni nyingine inayotumiwa sana, ya Matt Brzycki, ingempa 135. Kanuni zote mbili ni makadirio ya heshima kwa marudio machache, zikiingiziwa uzani wa kweli na marudio ya kweli. Yake haikuingiziwa kimojawapo. Alimtajia rafiki yake jibu la simu kama jambo la kuchekesha, rafiki akaliandika ubaoni jioni ileile, na kesho yake mhusika akalikuta.

Hakulifuta. Nikitafuta uongo wake katika kisa hiki, naupata hapo tu. Alisimama mbele ya ubao akiwa na kitambaa mkononi, hivyo ndivyo alivyonisimulia, na wawili wakaingia wakampongeza. Baada ya hapo kuifuta namba kungehitaji maelezo, na kuiacha hakukuhitaji neno.

Inabaki sehemu yangu. Yale marudio matano ya "120", ambayo sasa tunajua yalikuwa ya kilo 99, mimi ndiye niliyesimama kichwani. Nina video yake, kwani aliomba arekodiwe, na kijana mwingine ndiye aliyeshika simu, na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda. Katika rudio la kwanza na la pili mikono yangu iko mbali. Katika la tatu mtaimbo unakwama katikati, vidole vyangu vinaugusa kwa chini, unapanda. La nne na la tano siugusi tena kwa vidole bali kwa viganja, na misuli ya mikono yangu inaonekana imekaza. Muda wote napiga kelele: "Ni wewe! Mimi nimeshika hewa!"

Nataka kujitetea kidogo, kwa sababu utetezi huu unaeleza jinsi kosa linavyofanya kazi. Msaidizi anaposema ameshika kidogo, mara nyingi hadanganyi. Mtaimbo haukwami kwa sababu mtu amekosa nguvu za kilo 30. Hukwama katika kipande kifupi cha njia ambako mikono iko katika pembe mbaya, na hapo upungufu unaweza kuwa wa kilo mbili tatu. Msaidizi akitoa hizo tatu, mtaimbo unapita mahali pagumu na mwenyewe anamaliza kilichobaki. Mkononi mwa msaidizi ni uzito wa chupa mbili za maji, lakini bila huo rudio lisingekuwepo. Wote wawili wanaondoka wakiamini kilichowafurahisha, na mmoja wao, ambaye ni mimi, anajua pia kwamba mwanachama anayeambiwa ameongezeka hutuma ada ya mwezi ujao kwa M-Pesa bila kukumbushwa.

Video ilionyesha tena kwamba mtaimbo haukufika kifuani. Uliishia juu yake kwa upana wa vidole vinne hivi. Mashindano ya kunyanyua kwa nguvu yamelifungia jambo hili mlango: mtaimbo lazima uguse mwili, utulie kabisa, na mshindani asisukume kabla mwamuzi hajaamuru, waamuzi ni watatu, kila mmoja ana taa nyeupe na nyekundu, na jaribio halihesabiwi bila nyeupe mbili. Kwa sheria hizo, na bila nguo maalumu za kusaidia, Julius Maddox wa Marekani alisukuma kilo 355 mwaka 2021. Sikusudii kumlinganisha mtu na huyo. Nataja kwa sababu 355 yake na 140 yetu huandikwa kwa tarakimu zilezile, na msomaji wa ubao hana njia ya kujua kwamba nyuma ya moja kuna mizani na macho ya waamuzi watatu, na nyuma ya nyingine kuna simu, paipu na mimi.

Hesabu basi inasimama hivi: kilo 20 zilitoka kwenye kanuni ya simu, 21 zikatoka kwenye vyuma, na kilichobaki kilitoka kwenye vidole vyangu na kwenye vile vidole vinne vya hewa juu ya kifua. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa kila aliyegusa ngozi aliivuta upande uleule. Fundi hakuzidisha uzani hata mara moja. Hakuna aliyehesabu mtaimbo kuwa mwepesi kuliko ulivyo. Tuna pia sahani mbili za mtumba zilizoandikwa 25 bila kipimo, kwa kuwa herufi za pauni zimefutika, na kijana mmoja alizihesabu kama kilo kwa mwaka mzima ilhali kila moja ni kilo 11 na kitu. Sijawahi kumwona mtu aliyekosea kwa kugeuza kilo kuwa pauni.

Wenzangu wawili wanaofundisha mtaa wa jirani waliniambia kwamba haya yote hayana maana, kwa sababu mwili haujui namba, na mtu aliyetoka "60" hadi "120" kwa vyuma vilevile ameongezeka kweli. Wana hoja. Mhusika ameongezeka, kifua chake kinashuhudia, na kwa mtu anayefanya mazoezi mahali pamoja maisha yake yote sahani ya kilo 16 iliyoandikwa 20 ingeweza kuendelea kuitwa 20 bila kumdhuru. Hoja yao inaisha pale mtu anapopanda matatu kwenda Westlands. Namba ndiyo kitu pekee kinachobebeka kutoka jimu hadi jimu, na mhusika aliibeba akailalia chini yake bila msaidizi kwa sababu aliiamini. Angekuwa mwongo wa makusudi asingeijaribu mbele ya watu. Angesema bega linamuuma. Aliyeumia ni yule aliyesadiki.

Tulifanya mambo mawili. Kila sahani ilipakwa rangi na kuandikwa uzani wake wa mizani, hata kama ni 16.5, na mtaimbo ukaandikwa 13.5 kwenye ncha. Kisha ubao ukafutwa wote, na ikatangazwa kwamba jina litarudi tu kwa rudio moja, kifua kiguswe, mtaimbo utulie, na msaidizi aweke mikono nyuma ya mgongo mpaka ahitajiwe. Wanachama watatu walihamia jimu ya barabara ya pili, ambako, kwa maneno ya mmoja wao, vyuma vinaheshimu watu. Mwenye jimu alinikumbusha idadi hiyo mwisho wa mwezi, nami sikuwa na jibu zuri.

Mhusika alisubiri mbavu zipone, akarudi taratibu kwa wiki sita. Siku ya kupima tulipanga sahani kama fumbo mpaka tukapata 90, kilo 38 kushoto na 38.5 kulia pamoja na mtaimbo. Alishusha, akagusa, akatulia, akasukuma. Ulikwama kidogo katikati, nikauma midomo nisiunyooshee mkono, ukapita. Alijaribu 95, ukakataa, tukauondoa pamoja. Kwa mtu wa kilo 78 kusukuma 90 kwa namna hiyo ni kazi nzuri, nikamwambia hivyo, naye akaniangalia kama mtu anayepewa pole.

Nilipochukua chaki kuandika, aliniuliza kama vibana vya pembeni vimehesabiwa. Nikamwambia havijahesabiwa, mizani ya vyuma chakavu isingeviona. Alivichukua, akavuka barabara hadi buchari, akarudi na jibu: gramu 400 vyote viwili. Ubaoni, kwenye mstari wake, pameandikwa 90.4.